Pikapu Ikichemsha, Nani Analipa?

Ukitoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa, barabara inaanza kupanda Kitonga, na katika kona zile hukosi kukuta gari limeegeshwa, boneti iko juu, jani limewekwa nyuma kama alama ya tahadhari, na mtu anahangaika na dumu la maji. Mimi nimewahi kuwa huyo mtu wa dumu. Pikapu yetu ya familia, Hilux ya dizeli yenye injini ya 1KZ, ilikuwa imebeba mifuko 30 ya saruji. Hiyo ni tani moja na nusu juu ya gari la tani moja. Mshale wa joto ulishavuka nusu mapema, lakini mjomba aliyekuwa kwenye usukani alisema litapoa tukifika juu. Tulifika juu tukiwa tunavutwa.

Fundi alipofungua silinda hedi alituonyesha ufa mwembamba kama unywele, umepita katikati ya valvu mbili. Injini za 1KZ zinajulikana kwa hilo: zikichemka sana mara moja tu, hedi hupasuka. Kisha akatuonyesha kitu kingine, au tuseme nafasi ya kitu kingine. Pale panapokaa themostati palikuwa patupu. Fundi aliyemtangulia aliing'oa "ili maji yatembee vizuri", na sisi tulimshukuru na kumlipa.

Hedi tulinunua wenyewe. Gari tulilipata mkononi, dhamana ya kiwanda ilishakwisha siku nyingi, na hata kama ingekuwepo, mifuko ile kumi ya ziada ingetosha kutunyima. Tangu siku hiyo nikisikia injini ya mtu imekufa, swali langu la kwanza ni hili: kosa ni la kiwanda, la sheli, la fundi au la dereva? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua pesa itatoka mfuko gani, na mara nyingi ushahidi wake huanza kukusanywa, au kupotezwa, miezi mingi kabla gari halijasimama.

Maji ya rejeta

Tuanze na yale yaliyotuumiza. Themostati ni kifaa kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Mafundi wengi huku kwetu hukiona kama kizuizi tu, wakakitupa. Katika injini nyingi za Toyota kifaa hicho kina kazi ya pili: kikifunguka, kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiking'oa, njia ile inabaki wazi muda wote. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Ukipanda mlima na mzigo, sehemu ya maji ya moto inarudi ndani ikiwa na moto wake uleule, na gari linachemsha wakati rejeta ni nzima.

Halafu kuna kulanti. Wengi wanaamini ni dawa ya nchi za barafu, hivyo wanajaza maji ya bomba au ya mtoni. Kulanti inazuia kutu ndani ya bloku, inalinda hedi ya alumini isiliwe, na inapandisha kiwango cha joto ambacho maji huanza kuchemka. Hilo la mwisho lina maana kubwa kwa watu wa nyanda za juu. Mjini Iringa, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, maji kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 za Selsiasi hivi, si 100. Kinachookoa rejeta ni shinikizo linaloshikiliwa na kizibo chake. Raba ya kizibo ikikauka, shinikizo linatoroka, na maji yanachemka mapema. Kizibo ni spea ya bei ndogo mno ukilinganisha na hedi, lakini ni nadra kumwona mtu akikibadilisha kabla hakijaharibika.

Feni nayo usiisahau. Pikapu nyingi za dizeli zina feni yenye klachi ya mafuta mazito ndani. Injini ikiwa ya moto, zima, toa ufunguo, kisha zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikugomee kidogo. Ikizunguka yenyewe raundi nyingi kama gurudumu la baiskeli, mafuta ya ndani yamekwisha na feni haivuti hewa ya kutosha mlimani. Rejeta yenyewe ioshe kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kuelekea nje, maana nyasi na wadudu waliingia kwa upande wa mbele.

Mshale ukipanda njiani, zima kiyoyozi, fungua vioo, kisha washa hita ya ndani mpaka mwisho. Utatokwa jasho, ila hita ni rejeta ndogo ya pili na itakusogeza mpaka mahali salama pa kuegesha. Kama maji bado yapo, acha injini iungurume polepole bila mzigo. Kama yamemwagika, zima mara moja. Usifungue kizibo kingali cha moto, na usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto. Chuma kikishtuka kinapasuka.

Oili

Kitabu cha gari kinaweza kukuambia ubadilishe oili kila kilomita 10,000. Soma mstari wa chini yake. Humo kuna maneno kuhusu mazingira magumu: vumbi, mzigo mzito, safari fupi fupi, kukaa kwenye foleni huku injini inaunguruma. Hayo ndiyo maisha ya pikapu ya Makambako, ya Kahama na hata ya Kariakoo. Kwa hiyo hesabu yako ni kilomita 5,000, na kama kitabu kinasema hivyo, basi ndicho kipimo ambacho watu wa dhamana watakutumia.

Kijiti cha oili kinaongea zaidi ya watu wanavyokisikiliza. Wengi hutazama kiasi tu. Oili ya dizeli kuwa nyeusi siku chache baada ya sevisi si ajabu. Masizi yanaingia humo. Ajabu ni oili kuwa kama chai ya maziwa, maana yake maji yameingia. Ajabu nyingine ni oili kuongezeka. Oili haizaani. Ikipanda juu ya alama, inusie: huenda dizeli inavuja na kuchuruzika chini, nayo inaifanya oili iwe nyepesi mpaka ishindwe kulinda beringi.

Wenye Hilux za 1KD, zile za lita 3 zilizokuja kuanzia 2005, wana jambo lao. Chini ya kila nozeli kuna pete ndogo ya kuzibia. Ikichoka, gesi ya moto kutoka kwenye silinda inapenya pembeni ya nozeli, inakutana na oili na kuigeuza kuwa kitu kama lami. Lami hiyo inashuka mpaka kwenye sampu na kuziba chujio ambalo pampu ya oili inanyonyea. Injini inaweza kuwa na oili kamili kwenye kijiti na bado ikafa kwa kukosa oili. Dalili ni kelele ya kugonga asubuhi wakati wa kuwasha, au taa nyekundu ya oili kuchelewa kuzimika. Ukinunua 1KD iliyotumika, mwambie fundi afungue sampu akuonyeshe chujio. Ni kazi ya nusu siku. Fundi akikwambia haina haja, tafuta mwingine.

Kila injini ina mila zake, na fundi mzuri anazijua. Mfano mmoja: Ford Ranger za dizeli za lita 2.2 na 3.2. Kwa mazoea yetu, unafungua oili, unaiacha ichuruzike, unaenda kunywa chai. Kwenye injini hizo, oili ikikaa nje zaidi ya dakika 10 hivi, pampu inaweza kupoteza mvuto wake, na ukiwasha inazunguka kavu. Chai moja, injini moja.

Kuhusu oili feki, sitarefusha. Nunua kwa wakala anayejulikana, na ukimaliza toboa kopo. Kopo zima lenye lebo safi lina soko lake, na utakutana nalo tena likiwa limejazwa.

Dizeli, nozeli na risiti

Injini za zamani za Toyota kama 3L na 5L zilisamehe mengi. Pampu zake ni za kimakanika, na wazee wameziendesha kwa dizeli ya mapipa miaka na miaka. Injini za leo zinasukuma dizeli kwenye nozeli kwa shinikizo linalozidi bar 1,000. Tairi lako lina bar 2 na ushee. Kwenye shinikizo hilo, dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu. Ukiichanganya na mafuta ya taa, ulaini unapungua, chuma kinasagana na chuma, na vumbi la chuma linasafiri mpaka kwenye nozeli zote nne. Hapo hununui nozeli moja. Unanunua nozeli, pampu na kusafisha tangi.

Uchakachuaji ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba Tanzania, kupitia mdhibiti wake wa nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaongeza tozo kwenye mafuta ya taa ili bei yake isimshawishi mtu kuyachanganya. Hali imekuwa bora. Haina maana kwamba pipa la kijijini limekuwa bora. Jaza kwenye sheli yenye magari mengi, chukua risiti ya mashine na uitunze. Risiti hiyo ndiyo itakayoonyesha ulijaza wapi, lini, lita ngapi, siku gari litakapokata moto kilomita 20 mbele. Kama una shaka, chota dizeli kutoka kwenye filta kwenye chupa safi, funga, andika tarehe, mbele ya shahidi. Bila sampuli, mabishano yako na sheli hayatafika mbali.

Maji kwenye dizeli ni rahisi zaidi kuyadhibiti. Chini ya filta kuna skrubu ya kumwagia. Taa yake ikiwaka, usiendelee na safari ukisema utaona kesho. Egesha, legeza, mwaga mpaka itoke dizeli tupu, kaza.

Filta ya hewa kwenye barabara ya vumbi ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, na ikichanika itupwe. Vumbi linalopita hapo linasaga mapezi ya tabo na ringi. Ukitoka mlimani na tabo imefanya kazi, iache injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima. Moshi mweusi maana yake hewa haitoshi au dizeli imezidi. Wa buluu ni oili inaungua. Mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto, huku maji yakipungua, ni gasketi ya hedi mpaka ithibitishwe vingine.

Mkanda wa taimingi kwenye 1KD na 2KD unabadilishwa kila kilomita 150,000, na dashibodi ina taa ya kukumbusha. Taa hiyo inaweza kurudishwa sifuri bila mkanda kuguswa, kama vile kilomita zinavyorudishwa nyuma. Ukinunua iliyotumika bila karatasi za sevisi, badilisha mkanda wiki ya kwanza. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Injini za GD za kuanzia 2015 zina mnyororo, kwa hiyo hofu hiyo moja imepungua.

Zilikuja na hofu mpya. Baadhi ya GD zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, linalojisafisha kwa kuchoma masizi kwa joto la nyuzi 600 hivi. Linataka safari ndefu. Gari la kuzunguka mjini tu halipati nafasi hiyo, chujio linaziba, nguvu inapungua, taa inawaka. Usiegeshe juu ya nyasi kavu wakati linajichoma. Na usimkubalie fundi alikate bila kusoma sehemu inayofuata.

Dhamana inasema nini hasa

Dhamana, au waranti kama wengi tunavyoiita, ni ahadi kwamba kitu kilichotengenezwa vibaya kiwandani kitatengenezwa au kubadilishwa bure, spea na ufundi. Kwa pikapu mpya katika soko letu mara nyingi ni miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia. Neno "kinachotangulia" ndilo linalowaponza wafanyabiashara. Gari linalokwenda Dar es Salaam na kurudi Mbeya kila wiki linakula zaidi ya kilomita 1,600 kwa safari, hivyo linamaliza laki moja miezi michache tu baada ya mwaka wa pili kuanza. Na saa inaanza kuhesabu siku ulipokabidhiwa gari, hata kama lilikaa uani miezi mitatu likisubiri bodi.

Haihusu vitu vinavyolika kwa kazi: klachi, brekipedi, filta, mikanda, balbu. Betri na tairi kwa kawaida zina dhamana ya watengenezaji wake. Haihusu dizeli chafu, mzigo uliozidi, mafuriko, wala injini iliyoongezwa nguvu kwa kompyuta. Haihusu pia hasara ya pembeni: nyanya zilizooza huku gari liko gereji ni zako. Ukikata chujio la masizi, umempa mtengenezaji sababu ya kukataa chochote kinachogusa injini na bomba.

Sababu ninayoisikia zaidi ya watu kunyimwa ni sevisi iliyorukwa. Kitabu cha sevisi kinatakiwa kiwe na muhuri, tarehe na kilomita, na nyuma yake risiti za oili na filta. Kama uko mbali na gereji ya wakala, usikae kimya. Waandikie kabla ya sevisi kupitiliza, waulize nani karibu yako anakubalika, na uhifadhi jibu. Ujumbe wa simu unatosha, mradi usiufute.

Siku tatizo linapotokea, usimruhusu fundi wa mtaani "aangalie kidogo". Akifungua tu, hoja inageuka kuwa yeye ndiye aliyeharibu. Piga picha ya dashibodi, taa zilizowaka na kilomita. Andika gari lilikuwa linafanya nini: lilibeba nini, lilianza kugonga wapi. Likifika kwa wakala, dai fomu ya kupokelea gari iandike malalamiko yako kwa maneno yako, si "gari lina shida". Na kama watakukatalia, waombe sababu kwa maandishi, na kipuri kilichotolewa usikiache hapo. Kwa mdomo ni rahisi kusema "ni mafuta mabaya". Kwa maandishi inabidi mtu aeleze ameyapimaje.

Kijitabu cha dhamana si sheria yote ya nchi. Australia walilionyesha hilo. Wanunuzi wa Hilux, Prado na Fortuner za injini za GD zenye chujio la masizi walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ikasema magari hayo, zaidi ya 260,000, hayakuwa na ubora unaokubalika, kwa sababu mfumo ule haukuweza kuhimili uendeshaji wa mwendo wa kasi wa muda mrefu ipasavyo. Hawakutegemea kijitabu, walitegemea sheria ya kumlinda mlaji. Kwetu Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani, FCC. Kenya kuna Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012. Malalamiko yenye karatasi zilizopangwa kwa tarehe yana uzito kuliko hasira iliyopigiwa kelele kaunta.

Usichanganye dhamana na wito wa kurudisha magari. Mtengenezaji akigundua kasoro ya hatari, kama ilivyokuwa kwa mifuko ya hewa ya Takata, marekebisho kwa kawaida ni bure hata kama dhamana imekwisha na wewe ni mwenye gari wa tatu. Namba ya chasisi inatosha kuuliza.

Gari lililotumika ni habari nyingine. Hilux haikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017, kwa hiyo nyingi za miaka hiyo zilizoingia zikiwa zimetumika zilitoka Thailand, Uingereza au Australia, na wakala wa hapa hana deni nazo. Muuzaji akikupa dhamana ya wiki mbili, iandikwe: injini na giaboksi, tarehe ya mwisho, na nani analipa ufundi. Hivyo hivyo kwa injini ya mtumba. "Ukiwasha ikawaka, imekwisha" ndiyo dhamana ya wauzaji wengi, basi iwashe ikiwa ya baridi, iache ipate moto, fungua kifuniko cha oili uone kama inatoa moshi kwa pumzi, kisha ndipo ulipe. Ukishaifunga, nenda TRA na nyaraka zake ubadilishe namba ya injini kwenye kadi, kabla trafiki hajainamia boneti yako na tochi.